Jina la Daudi Jiweni

Nilimkuta Wajdi, mtoto wa marehemu kaka yangu, akipaka machicha ya chai kwenye jiwe letu la kale. Mstari wa chini wa maandishi yake ulikuwa mpya. Vumbi lake jeupe lilikuwa bado limemganda kwenye kope.

"Umechonga nini hapo?"

"Jina la Daudi, ami. Mnunuzi yuko njiani. Bila mfalme, jiwe hili ni kizingiti tu."

"Kizingiti! Haya ni maneno ya watu waliochimba mfereji wa Yerusalemu enzi za wafalme wenyewe!"

"Nani anawajua? Hata Biblia haiwataji majina."

"Ndiyo maana walijiandika! Wataalamu wakigundua uongo wako, nani atawaamini tena wale wachimbaji?"

"Hawatagundua. Chai inazeesha jiwe haraka kuliko miaka ilivyokuzeesha wewe."

Nilipitisha kidole. Herufi za kale zilikuwa laini kama kokwa ya zeituni. Zake zilinikwaruza ngozi.

Mlango ukagongwa. Wajdi akanikonyeza ninyamaze.

Nikachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji, nikaanza kuiosha ile chai kwenye herufi zake mpya.

"Karibu ndani," nikapaza sauti. "Mlango uko wazi."