Waraka wa Kuilinda Ndoa

Waraka wa kuilinda ndoa ulikuwa umelazwa juu ya gauni la harusi, kwa sababu meza ya dukani ilikuwa imejaa. Bertila alishika kalamu kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto alilibana pindo la gauni, mwenye duka asije akalitundika tena kabla bei haijaelewana.

"Meiyo," alisema laobani, kama wanavyomwita mwenye duka huko, maana yake hakuna, bei haishuki tena.

"Ipo," alijibu Bertila kwa Kiswahili, na kila mmoja akamsubiri mwenzake achoke.

Duka lilikuwa ghorofa ya nne, barabara ya Guangyuan Xilu, mjini Guangzhou, China. Waraka ulitoka mtaa wa Dengfeng, kwenye mgahawa ambako wafanyabiashara wa Kitanzania hula ugali. Jumatatu mtu alituma habari kwenye kundi lao la simu kwamba bunge la nchi fulani ya mbali linajadili sheria ya kulinda ndoa za jinsia moja. Hakuna mwanakundi aliyewahi kufika nchi hiyo. Kontena lao lilikuwa limekwama bandarini na visa za watu wanne zilikuwa zinaisha wiki hiyo, lakini nani ashughulikie kontena wakati ndoa inashambuliwa? Medard, mwenyekiti wao, mnunuzi wa vipuri vya pikipiki mwenye mke Mwanza na mwingine Kahama ambao bado hawajajulishana, alijitolea kuandika waraka wa kupelekwa kwa mbunge wao nyumbani Tanzania, ili mlango ufungwe kabla mtu hajabisha hodi.

Bertila akapewa kazi ya kuvikaza vipengele. Hapakuwa na mtu anayefaa zaidi yake. Alikuwa mjane wa Tarime, kiongozi wa akina mama kanisani, na hakuzoea kumung'unya maneno.

"Mama, kipengele cha nne nimekiongezea kidogo," alisema Judica, mwanafunzi wa sheria aliyekuwa akimtafsiria madukani kila Jumamosi. "Nimeandika 'isipokuwa ndoa za kimila.' Makabila yetu ni mengi, hatujui kila mtu anaishije kwao. Sheria ikishasema nyumba fulani si nyumba, wanaotupwa nje ni wajane na watoto."

"Binti yangu, umesoma mpaka umepitiliza. Mila ndiyo uchochoro watakaopitia. Futa."

Judica akachukua kalamu, akafuta.

"Andika hivi. Mwanamke na mwanamke wasioane, si kanisani, si bomani, si kimila. Na watoto wa nyumba hiyo wasirithi hata kuku."

"Hata kuku, mama?"

"Hata yai."

Judica aliandika kuku, yai akaliacha. Alitaka kusema neno jingine, ila bado walikuwa hawajafika soko la Zhanxi kutafuta viatu, na mama huyu ndiye aliyekuwa akimlipia chakula cha mchana.

Bertila aliuhamishia waraka ukingoni mwa meza, akalinyanyua gauni dirishani. Uso wake ulilainika. Ghati, bibi harusi, alikuwa mwembamba wa kiuno na mrefu, na gauni lilikuwa refu kama yeye. Harusi ilikuwa Desemba, na Bertila aliisubiri kwa furaha iliyochanganyika na hofu, hofu ikiwa kubwa zaidi. Tangu mumewe afariki, shemeji yake alikuwa akipita shambani kila wiki akilipima kwa hatua, akiwaambia majirani kwamba mji usiolia mtoto mchanga hurudi kwa ukoo. Alikuwa amempa Bertila mpaka mwisho wa mwaka.

Ndiyo maana ng'ombe kumi na wawili, waliotokana na mahari ya mabinti zake wanne, watoto pekee aliozaa, walikuwa wameshaswagwa hadi kwa wazazi wa Ghati. Ghati akiingia na kuzaa mtoto wa kiume, kwa mila ya kwao jina la marehemu litabaki pale pale, na shemeji atafute shamba jingine la kutembelea. Asipoingia, Bertila atamalizia uzee wake kwenye chumba cha kupanga. Kila boksi alilolifunga Guangzhou kwa miaka mitatu alilifunga akiwaza hilo.

"Kijana ana bahati," alisema Judica, akilipapasa gauni.

Bertila hakusikia. Alikuwa akimwonyesha laobani vidole vinne, na laobani akimwonyesha sita, hadi wakakutana kwenye vitano na wote wakanuna, jambo linaloonyesha kwamba bei ilikuwa ya haki. Laobani alilikunja gauni, akalitia kwenye mfuko. Halafu, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili, akachomoa suti nyeusi kwenye safu ya nguo na kuitandaza juu ya vitu vilivyojaa mezani, huku akieleza kwa kasi.

"Anasema ukichukua na suti ya bwana harusi atakupunguzia," alitafsiri Judica. "Anauliza saizi."

Bertila aliusogeza waraka ili usifunikwe na suti. Alikisoma kipengele cha nne kwa sauti, kanisani, bomani, kimila, kuku, akaridhika nacho kabisa, kisha akaichukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa na kutia sahihi chini yake.

"Mwambie suruali sivai," alisema, akiifunika kalamu. "Bwana harusi ni mimi."