Sindano ya Pili

Kila siku saa nne, Zipporah, muuguzi wa zahanati ndogo pale Gede, aliweka sindano zichemke, kisha akanywa chai kwa mahamri mawili. Siku hiyo la pili lilikuwa bado mkononi mkokoteni ulipogonga mlango na kuingia.

Ndani yake alilala Dena, uso umevimba kama boga, kifua kikikoroma. Alikuwa amekwenda kurina asali bila moshi.

"Nilimwambia awashe moshi!" mkewe, Kanze, alifoka. "Akasema nyuki wanamjua. Haya, wamemjua!"

Hakuna aliyeshangaa. Kwa miaka ishirini ya ndoa, majirani hawakuwahi kusikia Kanze akimwambia mumewe neno lisilo na mwiba.

Zipporah alimdunga Dena sindano ya adrenalini, ndiyo pekee iliyokuwapo, akapiga simu Malindi. Gari lingeleta nyingine baada ya nusu saa. Hazikupita dakika kumi, mapigo ya moyo yakaanza kufifia tena.

"Dawa yenyewe ni kitu gani hasa?" Kanze aliuliza.

"Hata mwili huitengeneza, mama. Mtu akishtuka, humwagika kwenye damu, moyo ukaenda mbio. Mwili wa mzee umechoka kuitoa."

Karisa, mdogo wake Dena aliyesukuma mkokoteni, alijisogeza. "Shemeji, usiogope. Kaka akienda, mila ipo. Nitakurithi mimi."

"Kaka yako bado anapumua, nawe ushakipima kitanda chake!"

Kanze alimtazama Karisa kuanzia kichwani hadi kwenye ndara. Kisha akainama, akamnong'oneza mumewe sikioni.

Dena alishtuka. Mguu uliruka, jicho moja likafunguka. Zipporah, vidole vikiwa kwenye mkono wa mgonjwa, alihisi mapigo yakitimka kama mbuzi aliyekata kamba. Hayakulegea tena hadi gari lilipofika.

Jioni Dena alikuwa amekaa kitandani, akinywa uji.

"Nani kamponya?" Karisa alijigamba. "Si mimi? Kasikia namrithi mkewe, akakataa kufa!"

Zipporah alicheka. "Ndivyo ulivyomwambia, mama?"

Kanze alijifunika uso kwa leso.

"Mimi nilisikia, ila sikuamini," Dena alisema. "Hebu rudia, na hawa wasikie."

Kanze aliishusha leso. Macho yalikuwa yamelowa.

"Nilisema nakupenda, mjinga wewe!"