Baba Yake Lowell

Hapa chuoni kwetu Nebraska, kabla ya mechi ya mwisho ya msimu kila mchezaji wa futiboli ya Kimarekani anayehitimu huingia uwanjani na wazazi wake. Lowell alikuja na helmeti kwapani, pamoja na mama yake na baba yake, kocha tuliyemfukuza mwaka jana.

Msimu huu kocha mpya ameshinda mechi tisa. Baba yake Lowell, msimu wake wa mwisho, alishinda mbili.

Baba huyo alikwama kwenye mstari mweupe wa pembeni ambao mimi, mtunza uwanja, niliupaka asubuhi. Miaka kumi na moja ya ukocha aliuvuka bila kuutazama. Leo ncha ya kiatu chake iliugusa, ikarudi nyuma.

"Nenda na mama yako tu. Watanizomea."

"Mwaka jana walikuzomea, baba. Ulikufa?"

Alicheka kidogo, macho yakizitamani zile nyasi.

Spika ikaita majina yao.

Akaivua kofia aliyoishusha hadi machoni, akampa mkewe, akauvuka mstari.