Shabiki Aliyebaki wa Bingwa wa Barafu

"Mzee Tindwa, wenzako wote wamehamia mpira," alisema Chausiku, mwenye kibanda cha video. "Tangu bingwa wenu aanguke mashindanoni mwezi uliopita, barafu yenu imeyeyuka!"

"Leo ndiyo fainali ya msimu, mwanangu. Nisipokuja mimi, nani atamshangilia?"

"Kwani anakusikia huko aliko?"

Mzee alicheka, akaketi peke yake kati ya viti ishirini vitupu. Kwenye televisheni, bingwa wao, binti mwembamba, aliteleza juu ya barafu kwa viatu vyake vyenye wembe, akashika kasi. Kila alipotaka kuruka, desturi ya mashabiki wa pale kibandani ilikuwa kusimama na kushikana mikono mpaka atue. Mzee alisimama. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanyoosha na wa kulia.

Binti akapaa. Huku nyuma, Chausiku aliacha kutafuna karanga, akajifuta mkono kwenye kanga.