Tovuti Isiyo na Hodi

"Nyumba gani hii, mjukuu wangu, watu wanaingia kimyakimya tu?" Bi Sauda mfinyanzi aliuliza, akiisogeza kando simu yenye tovuti mpya ya vyungu vyake. "Mimi siitaki."

Ilikuwa kazi ya kwanza ya Zamaradi ya kutengeneza tovuti. "Bibi, mteja akicheleweshwa mlangoni anakwenda zake."

"Anayeshindwa kupiga hodi, chungu changu atakiweza?"

Zamaradi akaweka kitufe cha "Hodi", shingo upande. Mgeni akikibonyeza, simu ya bibi italia. Wakakaa kungoja. Chai ikapoa, simu kimya. Zamaradi akaanza kufunga kompyuta yake.

Simu ikalia.

"Karibu!" Bi Sauda akaitikia kwa sauti, akajifuta udongo mikononi, akatandika mkeka. Zamaradi naye, asijue kwa nini, akageuka kuutazama mlango.