Macho ya Jini wa Kisimani

Tangu televisheni zianze kuigiza kwa mitambo iliyovalishwa sura za marehemu, Bi Saumu hakukosa tamthilia ya jini wa kisimani hata siku moja. Jini yule alivalishwa sura ya Kibwana, marehemu mumewe. Wanawe ndio walioridhia sura ya baba yao itumike. Yeye aliambiwa baadaye.

Alitazama na jirani yake Tatu, aliyependa kumsomea kwenye simu ubishi wa mashabiki.

"Wanasema huyu jini wamekosea kumchagua," alisema Tatu. "Anamkaba mfalme koo, lakini macho yanaangalia kushoto. Wengine wanasema majini ndivyo walivyo, huona tusiyoyaona. Wengine wanasema ni mtambo tu, mbovu. Shoga, wewe waonaje?"

Upande wa kushoto wa sebule ndipo kilipokuwa kiti cha Bi Saumu, tangu alipoolewa. Kibwana alikuwa mtu wa wivu. Hata nyumba ikijaa wageni, yeye huku akiongea nao, jicho halikubanduka kwenye kiti kile.

Juma lililofuata, kabla Tatu hajafika, Bi Saumu alikiburuta kiti chake hadi upande wa kulia, karibu na mlango.

Tamthilia ilipoanza, jini alitoka kisimani taratibu, akageuza shingo huku na huku, kisha akatulia. Tatu alicheka, macho kwenye simu.

"Mashabiki wamefurahi. Wanasema amerekebishwa, leo anaangalia kulia."

Bi Saumu akajivutia kanga kichwani, kama alivyozoea kila Kibwana aliporudi nyumbani na kumuuliza alikuwa wapi.