Barua ya Fundi Cherehani

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, fundi cherehani alifunga kazi mapema akaenda kupanga foleni kwenye ile ofisi ya serikali ya ghorofa ya pili, zinakopokelewa barua za mtaa. Miguu ilimuuma. Safari hii aliapa haondoki bila kurudishiwa barua yake.

Barua yenyewe ilikuwa mistari minne. Mjumbe wa mtaa alikuwa akimpitia kila Jumatatu, anakaa kwenye benchi la wateja na kumuuliza kwa upole kama hana lolote la kuiandikia serikali. Fundi akachoka naye. Ili aachwe ashone kwa amani, akaandika kwamba shemeji yake, fundi viatu, anaropoka mno. Basi. Na nani asiyejua? Yule bwana alikuwa anaongea mpaka na viatu. Siku nane baadaye wakaja kumchukua, soli bado iko mkononi.

Tangu hapo dada yake amehamia kwake na watoto watatu. Kila asubuhi anamshukuru kaka yake kwa kuhangaika maofisini, na fundi anaona aibu, anatoka na chai hajaimaliza.

Karani alikuwa mama mmoja mpole, mwenye mafua. Fundi akamweleza yote bila kuzungukazunguka: alichoandika ni upuuzi, shemeji yake hana kosa, na kama ni kufungwa, afungwe yeye.

Karani akapenga kamasi, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na bahasha. Ilikuwa bado imebandikwa vilevile alivyoibandika fundi.

“Hatujaifungua, baba,” alisema. “Ziko magunia kwa magunia, nani atazisoma? Sisi tunaandika tu nani ameleta.”

Fundi akashusha pumzi aliyoibana wiki sita. Kumbe si yeye! Akauliza, sasa shemeji yake alikamatwa kwa lipi?

Karani akafunua daftari la mtaa wao. Majina yote yalikuwa na alama ya vema: mwenye duka, mkunga, mwalimu, mke wa fundi, hata dada yake. Kidole cha karani kikashuka taratibu, kikasimama kwenye jina moja lisilo na kitu mbele yake.

“Mtaa mzima,” alisema, “ni huyu peke yake ambaye hakutuandikia.”